Mkono wa Kushoto wa Mwalimu wa Kemia

Wengi waliopitia shule yetu ya wasichana wakimkumbuka Madam wa kemia huanza na ukali wake. Mimi huanza na mkono wake wa kushoto. Ndio aliotumia kufungulia koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo, huku mkono wa kulia ukizungusha flaski chini yake polepole bila kukoma. Tulikuwa kidato cha pili, tumejazana kwenye maabara inayonuka gesi na sabuni, na mvua ya Eldoret ilikuwa inapiga mabati kana kwamba inatudai. Alkali ilidondokea asidi, na kila tone lilileta wingu dogo la rangi ya waridi lililopotea papo hapo. Kisha akafunga koki, akasubiri. Akaifungua kidogo sana, tone likaning'inia mdomoni mwa bureti bila kuanguka. Akaligusisha kwenye ukuta wa flaski, akalisuuza kwa maji, akazungusha. Kioevu chote kikabaki na uwaridi hafifu sana, hata sisi wa nyuma tuliuona tu alipoiweka flaski juu ya kigae cheupe.

"Hiyo ni nusu tone," alisema. "Mtu akiwaambia haiwezekani, mwambieni mmeiona."

Nilishika mdomo. Kwetu maji yalipimwa kwa mtungi na maziwa kwa kikombe cha plastiki, na hapa palikuwa na mtu mzima aliyelikata tone katikati.

Kwa asiyeijua kazi hii, titresheni ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Una asidi usiyojua imekolea kiasi gani. Unaidondoshea alkali ambayo ukolezi wake unaujua, mpaka zimalizane nguvu. Kiasi cha alkali ulichotumia ndicho kinachokwambia habari za asidi. Ili ujue zimemalizana unatia matone machache ya fenolfthalini, dawa ambayo haina rangi ndani ya asidi na hugeuka waridi alkali ikizidi hata kidogo. Ukichelewa kufunga koki, rangi inakolea na kazi imeharibika, kwa maana tone likishaanguka halirudi.

Sijui Madam alizaliwa wapi, wala watu wa kwao ni akina nani. Nilikuwa mwanafunzi wake, nikaenda chuo, nikarudi kufundisha kemia katika shule ileile, meza yangu ikiwa karibu na yake kwenye chumba cha walimu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Yeye naye aliniuliza mambo ya kwetu mara moja tu, siku mama yangu alipolazwa, na kesho yake akanifundishia vipindi vyangu vyote bila kuniambia.

Alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ni namba zilizopikwa. Mwanafunzi hutakiwa kurudia titresheni mara tatu, na majibu yake yakaribiane. Basi wavivu hufanya mara moja, kisha hubuni mawili yaliyobaki, au huchungulia kwa jirani. Madam aliisikia harufu ya mapishi hayo kutoka mlangoni.

"Hizi mmepika na vitunguu ama mmeweka na royco ya mchuzi?" aliuliza siku moja, amelishika daftari la rafiki yangu mmoja kwa ncha za vidole.

"Madam, nilifanya zote tatu. Haki ya Mungu."

"Na zote zikatoka sawasawa na za meza ya dirishani?"

"Ni vile solution ni moja, Madam."

"Nani alikwambia ni moja?"

Kumbe asubuhi ile, kabla hatujafika, alikuwa ameizimua asidi ya kila meza kwa kiasi tofauti. Hakuna meza iliyopaswa kupata jibu la meza nyingine. Walionakili walijianika wenyewe, na sisi ambao hatukunakili tuliogopa vilevile. Hakumchapa mtu. Aliwapa kazi ya kuosha vyombo vya maabara mpaka maji yateremke kwenye kioo bila kuacha hata tone moja ukutani, maana tone likibaki ni dalili kwamba kuna mafuta. Rafiki yangu yule siku hizi ni daktari, na anasema hakuna mahali popote alipowahi kuosha kitu kwa uoga namna ile.

Ungedhani mtu wa aina hii nyumbani kwake kila kitu kimepimwa. Wapi! Mboga zake zilikuwa chumvi tupu. Chai yake ulikuwa huwezi kujua mapema kama utakunywa uji wa sukari au maji ya majani. Alitia kwa kiganja, akazungumza, akasahau, akatia tena. Nilimtania siku moja alipotualika walimu wa sayansi kwake, nje kidogo ya mji.

"Madam, kwani hii chumvi ilipimwa na nani?"

"Kula, usinisumbue. Hapa si maabara."

Na mursik pia, yale maziwa ya kuchacha ya kibuyuni. Jirani yake alimletea kibuyu kila alipokamua vizuri, na mwanafunzi mmoja mjanja alipoomba apime ukali wa maziwa hayo kwa bureti, aone yamechachuka kiasi gani, Madam alimtazama kama aliyetukana. "Hiyo ni ya kunywa," alisema, akakichukua kikombe chake akakaa nacho mbali na sisi. Halafu saa. Mtu aliyesoma bureti hadi sehemu ndogo za mililita hakuwahi kufika mkutano wa walimu kwa wakati hata siku moja. Aliingia ajenda zikiwa katikati, akakaa nyuma, akamuuliza jirani yake kwa sauti kubwa wamefika wapi. Mwalimu mkuu aliacha kumkemea zamani.

Siku ya wazazi foleni ndefu haikuwa kwa mwalimu mkuu, ilikuwa nje ya maabara. Wazazi wengi ni wakulima wa mahindi, na mashamba ya huku, baada ya miaka mingi ya mbolea ileile, udongo wake huchachuka, mahindi yakawa manjano na mafupi. Walimletea udongo kwenye mifuko ya karatasi. Aliuchanganya na maji yaliyosafishwa, akaupima, akamwambia mzee wa watu, "Mzee, wewe shamba lako lina njaa ya chokaa. Wacha kuongeza mbolea." Wengine walibisha. Waliorudi mwaka uliofuata walirudi na gunia la mahindi mabichi, na yeye akawagawia wapishi wa shule lote.

Kisa cha siki ndicho ninachokipenda zaidi. Baba wa mwanafunzi wetu mmoja ana duka la jumla mjini, Msomali mpole mwenye ndevu nyekundu za hina. Alikuja na chupa mbili za siki kutoka kwa wauzaji wawili. Wateja wa hoteli walikuwa wanalalamika kwamba ile mpya haina nguvu, na muuzaji anaapa kwamba ni sawa na ile ya zamani.

"Mwalimu," alisema, "mimi ulimi wangu umechoka. Hii nimeonja mpaka tumbo linauma. Niambie wewe."

"Mimi sitakwambia," Madam alijibu. "Watakwambia wasichana."

Akawaita kidato cha tatu, akawapa kila mmoja siki bila kuwaambia ya chupa gani. Mzee alipewa stuli, akakaa mikono magotini, akitazama watoto wakidondosha matone. Majibu yalipokusanywa, siki mpya ilikuwa imetumia karibu nusu tu ya alkali iliyotumiwa na ile ya zamani. Iliyobaki ilikuwa maji. Mzee akauliza kama msichana wake naye alikuwa miongoni mwa waliopima. Alipoambiwa ndiye yule wa mwisho pale, alifunika macho kwa kofia yake. Hata mimi nilimkumbuka baba yangu, ambaye asingeweza kuelewa nilichokuwa nasomea.

Sasa nije kwenye jambo lililotufanya tumheshimu hadi kumwogopa. Katika mtihani wa taifa wa vitendo, shule ndiyo huandaa vimiminika kwa maelekezo iliyotumiwa. Kwa kuwa hakuna shule mbili zitakazoandaa sawasawa kabisa, mwalimu wa somo naye hufanya titresheni hiyohiyo, na namba yake hutumwa pamoja na karatasi za watahiniwa. Majibu ya wanafunzi hulinganishwa na ya mwalimu wao. Kwa maneno mengine, mwalimu akisoma vibaya, watoto wote waliosoma vizuri wanaonekana wamekosea.

Mwaka niliofanya mtihani mimi, alkali yetu ilikuwa na kasoro. Kopo lake lilikuwa limekaa wazi stoo, na dawa ile huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ukipima uzito wake unapima na maji ndani yake. Ikatoka dhaifu. Nilihadithiwa baadaye na mtunza maabara, aliyekuwa pale. Mtihani ulipoisha, mwalimu mkuu wa wakati huo alikuja na simu mkononi. Shule jirani, alisema, mwalimu wao amepata mililita ishirini kamili, na nyingine vilevile.

"Wewe umepata ngapi?"

"Ishirini na tatu na kidogo," Madam akasema.

"Si tuandike ishirini tu? Itaonekana hatujui kuandaa dawa. Watatuuliza."

"Watuulize. Hatukujua."

"Mwalimu, jina la shule."

"Wasichana wangu wamesoma kilichokuwa kwenye bureti zao. Ukitaka niandike cha jirani, basi uwatafutie na majibu ya jirani."

Akaandika ishirini na tatu na kidogo chake, na chini yake akaandika kwamba alkali iliandaliwa na yeye na ilikuwa dhaifu. Yeye, wala si mtunza maabara aliyeliacha kopo wazi. Sisi hatukujua lolote. Tulikuwa nje tunalia na kukumbatiana, tukibishana kama jibu ni ishirini na tatu au tumekwisha. Nilipata alama ya juu katika somo lile, na bila hiyo nisingeingia chuo.

Ndiyo maana mwaka jana, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, nilianza kulala vibaya. Kwanza alilaumu balbu, eti hazimwonyeshi rangi kwenye flaski. Zikabadilishwa zote. Kisha akalaumu fenolfthalini, eti siku hizi wanauza iliyochujuka. Kisha akalaumu mawingu ya Eldoret, ambayo yamekuwepo tangu nimjue. Alikuwa anainua flaski hadi karibu na pua, anaipeleka dirishani, anarudi. Wasichana walianza kutazamana. Mtunza maabara, mtu wa maneno machache aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko sisi wote, alinikuta stoo.

"Unaona?"

"Naona."

"Sasa mtihani je? Mimi siwezi kumwambia. Wewe ni mtoto wake."

Niliogopa. Namba yake ndiyo ingewapima wasichana wote wa kidato cha nne, na nilijua miongoni mwao wanaotegemea alama hiyo kama nilivyoitegemea mimi. Lakini ningeanzaje? Ningemwambia nini mtu aliyenionyesha nusu tone?

Jumamosi moja alasiri, mtihani ukiwa umekaribia, tulibaki maabara wawili kujaribu vifaa. Akaweka asidi kwenye flaski, akatia matone ya fenolfthalini, mkono wa kushoto kwenye koki. Mkono wenyewe ulikuwa vilevile, mtulivu, wa ajabu. Rangi ilipotokea ikabaki, nilingoja afunge. Hakufunga. Alkali iliendelea kudondoka, waridi ikakolea, ikawa kama juisi ya bitiruti.

"Bado kidogo," alisema.

Nikanyoosha kidole kwenye flaski.

"Madam, imepita."

"Imepita wapi?"

"Imepita kitambo."

Akafunga koki. Akageuka na uso nilioufahamu tangu nikiwa na sketi ya shule. "Umeanza lini kunifundisha rangi?"

Nilikuwa nalia, na sikuweza kujizuia. Aliiweka flaski kwenye kigae, akaitazama kwa muda, akaiinamia, akainuka. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akavuta stuli, akakaa, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Sawa. Tusibishane. Tupime."

"Tupime nini, Madam?"

"Mimi. Chukua flaski. Nyingine ziache kabla hazijafika. Nyingine zifikishe, ile pinki kidogo kabisa. Nyingine zipitishe. Chini ya kila moja uweke karatasi yenye jibu, uifunike. Uzipange vile unataka, usinionyeshe."

Akageukia ukuta. Nilifanya kazi hiyo nikimwona kwa nyuma, ameshika magoti kama yule mzee wa siki. Nilipomwambia tayari, alikuja akazipitia moja moja, bila haraka, akitaja na mimi nikiandika. Hii bado. Hii bado. Hii imefika. Hiyo ilikuwa ile nyekundu, iliyopita kitambo. Alipomaliza aliniambia nizichanganye upya, tukarudia. Kisha tena. Hakuniruhusu nimwonyeshe jibu katikati.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti ndogo.

"Usininong'onee. Nimekosa ngapi?"

"Nyingi, Madam."

"Nyingi si jibu."

"Zile za pinki kidogo, zote umesema hazijafika. Zilizopita, zote umesema zimefika sasa hivi. Umepata zisizo na rangi tu."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, na nitakufa nikisema kwamba usoni mwake kulikuwa na kitu kama kuridhika. Majibu yalikuwa yamekubaliana. "Ni mtoto wa jicho," akasema. "Daktari kule hospitali ya Plateau aliniambia tangu likizo ya Agosti. Anataka kunipasua, nikamwambia angoje mtihani uishe. Nilifikiri nitavuta hadi Desemba." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. "Osha hivi vyombo. Mimi naenda kumwambia mwalimu mkuu."

Alienda peke yake. Nilimwona kupitia dirishani akivuka uwanja kwa mwendo wake wa kuchelewa, na sijawahi kumstahi mtu namna ile, awe mchungaji au mzazi.

Siku ya mtihani niliogopa kuliko siku niliyoufanya mwenyewe. Wasichana walikuwa wameshamaliza na kutoka. Msimamizi, kijana mwenye suti, aliingia na fomu yake akaenda moja kwa moja kwa Madam, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

"Mwalimu wa somo ndiye wewe, Mama?"

"Ni huyu," Madam alisema, akininyooshea kidole.

Kisha akachukua kiti, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta, mgongo kwetu, ili mtu yeyote asije akasema alinisaidia kusoma. Nilishika koki kwa mkono wa kushoto. Alkali ikashuka. Nilipofika karibu nilifunga, nikangoja, nikaliacha tone lining'inie, nikaligusisha. Nilimsikia Madam akipumua. Nilirudia mara tatu. Hakugeuka hata mara moja, wala hakuniuliza nimepata ngapi.

"Umemaliza?" aliuliza mwishoni, bado akitazama ukuta.

"Nimemaliza, Madam."

"Basi andika jina lako hapo. Liandike vizuri lisomeke."